Mzigo Wenye Haraka

Shemeji yangu wa Kigoma alinunua HiAce iliyotumika, akaiegesha uani, kisha akaanza kuniuliza maswali ambayo mimi mtu wa kalamu sikuwa na majibu yake. Hakutaka kuifanya daladala. Yeye ni muuguzi na kazi ya hospitali haachi. Alichotaka ni gari limwingizie chochote jioni na mwisho wa juma, kwa kubeba mizigo ya watu wasioweza kungoja lori. Alikuwa amesikia kuwa Bujumbura wapo walimu na watu wa ofisini wanaoishi hivyo. "Wewe si unakwenda huko? Niulizie," akasema. "Ila usiniletee hadithi, niletee hesabu."

Nilivuka Manyovu asubuhi. Upande wa pili wa mpaka panaitwa Mugina, na mgeni hugundua haraka kwamba magari yamehama upande. Tanzania tunaendesha kushoto, Burundi wanaendesha kulia, lakini mengi ya magari yao ni yale yale ya Japani yenye usukani mkono wa kulia. Kwa hiyo dereva anakaa pembezoni kabisa, usawa wa mtaro, na akitaka kulipita lori haoni mbele. Anayeona ni abiria wa kushoto kwake. Katika teksi iliyonichukua kutoka Mabanda, mzee mmoja aliyekaa kiti cha mbele aliifanya kazi hiyo bila kuombwa: "Ngoja... ngoja kwanza... haya, pita!" Dereva akapita. Nilidhani ni ndugu, kumbe hawakuwa wanajuana.

Kutoka Nyanza-Lac kwenda kaskazini ziwa halikuachi. Liko mkono wa kushoto, na ng'ambo yake milima ya Kongo. Rumonge ni mawese: madumu ya manjano yamepangwa kando ya barabara, na mbele kidogo ndagala wameanikwa juani. Kuna mahali mlima umeporomoka ukaziba sehemu ya njia, na upande wa pili maji ya Tanganyika, yaliyopanda sana miaka hii, yanaila sehemu iliyobaki. Malori hupita hapo moja moja, kwa zamu na kwa kelele. Nilipoona foleni ile nilianza kuelewa kwa nini mtu angelipa zaidi ili mzigo wake usipande lori.

Bujumbura nilifikia Buyenzi, kama anavyoshauriwa Mswahili yeyote anayeingia mji huo. Burundi ni nchi ya Kirundi, na Kifaransa ni cha ofisi, lakini Buyenzi watoto wanagombana kwa Kiswahili. Ni mtaa wa misikiti, sambusa na mafundi magari. Barabara zake zina namba tu, na ukiuliza njia utaambiwa "nenda ya saba, kata ya kumi" kana kwamba unafanya zoezi la kujumlisha. Fundi hana gereji. Gereji ni ukingo wa barabara, jeki, na kijana wa kutumwa.

Niliyeelekezwa kwake wote humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Anafundisha hisabati sekondari. Nilimkuta amelala chini ya gari lake mwenyewe, miguu nje, na fundi amekaa kando anamtazama.

"Mwalimu anapenda kujifunza," fundi akaniambia. "Sisi anatulipa kwa kumwangalia."

Gari lenyewe ni HiAce ya petroli, nyeupe iliyokwisha kuwa ya rangi ya maziwa ya chai. Viti vya nyuma vyote vimeng'olewa. Sakafuni kuna mbao zilizofunikwa zulia la plastiki. Ubavuni kamba za manila, turubai, vipande vya godoro la sponji, dumu la maji, na kipimajoto cha ukutani kilichofungwa kwa waya kwenye nguzo. Niliuliza kipimajoto kinafanya nini ndani ya gari la mizigo. "Utaiona kazi yake Jumamosi," akasema, akaendelea kufuta mikono. Nusu ya gari ni ya dada yake anayeuza vitenge, na kila Jumapili jioni dada huyo anataka hesabu yake kama mwenye daladala anavyoitaka kwa deiwaka. Udugu hauhusiki hapo.

Mwalimu hubeba kile ambacho kikichelewa kinakosa maana. Dawa zinazokaa kwenye barafu. Nozeli ya jenereta ya hoteli iliyozimika watalii wakiwa ndani. Keki ya harusi ya ghorofa tatu iliyokwenda Ngozi huku yeye akiendesha kwa mwendo wa msafara wa mazishi. Spika za sherehe ambazo mtu alisahau kuzikodi. Samaki aina ya mukeke waliovuliwa usiku, wapelekwe Gitega wafike kabla ya wapishi kuanza chakula cha mchana. Saruji hagusi, kreti za bia hagusi, abiria hataki hata wakiomba kwa machozi, kwa sababu bima yake ni ya mizigo. Kila mteja huandikiwa kwenye daftari la mistari ya mraba, lile la shule: ni kitu gani, kina uzito gani, nani anapokea, na mwisho saa ngapi. Mteja anatia sahihi chini ya saa hiyo. Hapo ndipo nilipoona kwamba hii si kazi ya kubeba kama nilivyoijua. Wenye malori huandika kilo na mahali, na saa hawaiandiki kabisa.

Nilitegemea aniambie kwamba simu ndizo zilizoleta biashara hii. Badala yake alinitembeza hadi duka la vipuri barabara ya jirani. Kwenye rafu kulikuwa na vitu kimoja kimoja: chujio moja la mafuta, beringi moja, boksi moja la plagi. Mwenye duka, mama wa makamo mwenye ushungi wa kijani, alinionyesha mlango wa stoo nyuma. Ndani kulikuwa na baiskeli ya mwanawe.

"Zamani hapa usingepita, baba," akasema. "Faranga ninazo. Dola ndiyo sina."

Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga, bei rasmi ya dola ikapanda kwa zaidi ya theluthi moja, na bado dola ya mtaani ikaikimbia ya benki hadi kuipita zaidi ya mara mbili. Anayeuza vipuri kutoka Dubai hawezi kujaza stoo kwa pesa ya namna hiyo. Anaagiza kimoja, anakiuza, anaagiza kingine. Kwa hiyo mteja akifika na gari bovu, mama yule anashika simu: kipo kwa fulani Gitega? Kipo kwa mtu wa Rumonge? Kikishapatikana, lazima kifike leo, maana gari bovu la mteja ni lori, na lori hilo limebeba mzigo wa mtu mwingine ambaye naye anapiga simu.

Ongeza kwamba mji wenyewe umetawanyika. Soko kuu liliungua Jumapili asubuhi, Januari 27, 2013, na wafanyabiashara waliokuwa chini ya paa moja wakagawanyika: wengine Ruvumera, wengine Kotebu, wengine kwa Siyoni kule Ngagara. Na Machi 2022 pikipiki, baiskeli na tuk-tuk zilikatazwa kuingia katikati ya mji. Mahali ambapo Dar es Salaam au Kampala kifurushi cha haraka kingepanda bodaboda, Bujumbura kinataka gari.

Lakini gari wanalo wengi. Magari yamejaa uani, yamejaa kando ya vituo vya mafuta, yamepangwa foleni mpaka kona ya pili, mengine bila dereva ndani kwa sababu dereva amechoka kungoja akarudi kulala kwake. Burundi imekuwa na njaa ya mafuta kwa miaka kadhaa sasa. Kazi ya kuagiza ilipewa Regideso, shirika la maji na umeme, kisha mwaka 2024 ikaundwa kampuni ya taifa, Sopebu, foleni zikabaki. Mwaka 2025 bei rasmi ya esansi, kama wanavyoiita petroli, ilikuwa kama faranga 4,000 kwa lita. Ya magendo ilikuwa mara nne, mara tano, na siku mbaya zaidi ya hapo. Nyingi ilivuka kutoka Uvira, upande wa Kongo, kwa madumu kupitia Gatumba, na Desemba mwaka huo, waasi wa M23 walipoingia Uvira na Burundi ikafunga mpaka, hata mfereji huo ukakatika.

Mwalimu ana sheria moja: mshale haushuki chini ya nusu tangi. Anapanga foleni usiku akisahihisha madaftari kwa tochi ya simu. Wateja wengine humlipa kwa dumu badala ya pesa, naye hupunguza bei bila kubishana. "Watu wanadhani ninakodisha gari," aliniambia. "Mimi ninauza esansi ambayo tayari iko ndani ya gari." Na bei anaipiga kwa esansi ya magendo hata pale alipoipata kwa bei rasmi. Nilimwambia hilo linanikaa vibaya. Hakukasirika. Aliniuliza tu, kama mtu anayemsubiri mwanafunzi afike mwenyewe, lita atakayoichoma leo atairudisha kesho kwa bei ya nani. Nilikaa kimya. Shemeji yangu angelijibu hilo upesi kuliko mimi.

Ana binamu yake Ohio, Marekani, aliyetoka kambi za wakimbizi Kigoma, ambaye kwa bahati tu anafanya kazi hiyo hiyo. Usiku hutumiana sauti kwa simu, wakilinganisha. Binamu ana gari refu jeupe la mizigo, analala humo kwenye maegesho, na simu ikilia ni kiwanda cha magari kinachohitaji sanduku moja la skrubu kabla mkanda wa kuunganisha haujasimama. Sanduku moja, maili mia tano, usiku mmoja. Analipwa kwa maili za kwenda. Za kurudi mtupu ni zake na Mungu wake. Wengi huko huianza kama kazi ya pembeni, kwa sababu gari ambalo uzito wake na mzigo haufiki pauni 10,001, zaidi kidogo ya kilo 4,500, halibanwi na sehemu kubwa ya sheria za shirikisho zinazowabana madereva wa malori, mradi lisibebe vitu vya hatari.

Niliwasikiliza nikawaza habari ya Toyota. Baada ya vita vikuu vya pili, Taiichi Ohno na wenzake katika kampuni hiyo walijenga utaratibu wa kutolimbikiza vipuri: kila kimoja kifike kiwandani kinapohitajika, si kabla. Dunia ikawaiga. Ghala zikapungua, pesa zikaokolewa, na kila kilichochelewa kikawa msiba, ndiyo maana binamu wa Ohio ana kazi. Naye Mwalimu, akiwa ndani ya Toyota, anaishi kwa rafu tupu vilevile, ila za kwake hakuna aliyeziacha tupu kwa hiari. Kule wanaokosa akiba ni matajiri waliopiga hesabu wakaona akiba ni hasara. Huku ni mama mwenye ushungi wa kijani.

Jumamosi kipimajoto kikapata kazi. Ndege ilikuwa imeleta vifaranga wa siku moja, na kikundi cha wafugaji wa Gitega kiliwataka usiku huo huo. Uwanja wa Melchior Ndadaye uko kaskazini-magharibi ya mji, kwenye joto la bonde la Rusizi. Karatasi za forodha na za daktari wa mifugo zilichukua muda wake. Tulipopakia ilikuwa saa tisa alasiri. Masanduku kumi na matano ya kadibodi yenye matundu, kila moja vifaranga mia, limegawanywa vyumba vinne vya ishirini na tano ili wasikandamizane. Mwalimu aliyapanga kwa nafasi ya kiganja kati ya sanduku na sanduku, akaweka vijiti visisogee.

"Kifaranga ametoka na chakula chake tumboni, kiini cha yai," akanieleza. "Kina siku mbili, tatu. Njiani siku zimekwisha kuliwa. Njaa haitamuua leo. Kitakachomuua ni hewa."

Kazi yangu ilikuwa mbili: macho ya kushoto, na masikio. Wakiwa na baridi hupiga kelele kali, ya juu, wote kwa pamoja. Wakizidiwa na joto hunyamaza, wanapanua mdomo na kuhema. Kelele ya katikati, ile ya mnong'ono usiokoma, ndiyo salama. Mwanzo sikuweza kutofautisha. Tulipofika Kamenge nilikuwa nimeanza.

Barabara ya kwanza ya taifa inapanda kutoka ziwani, mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 2,200 Bugarama, katika kilomita kama thelathini na tano. Ni kona juu ya kona. Malori hupanda kwa gia ya kwanza, na nyuma ya kila lori wananing'inia vijana wa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika chuma cha bodi. Wanaoshuka ndio wa kutisha zaidi: baiskeli imebeba magunia ya makaa au mikungu ya ndizi, mwendeshaji amelala juu ya mzigo, breki ni soli ya kiatu. Nikawa napiga kelele kama yule mzee wa Mabanda. Ngoja. Ngoja. Baiskeli tatu. Pita.

Katikati ya mlima, lori la mahindi lilikuwa limekata ekseli likalala njia nzima. Foleni ilishafika kona ya chini. Gari liliposimama, upepo ukakoma, na kipimajoto kikaanza kupanda mbele ya macho yetu: 31, 32, 33. Kule nyuma ule mnong'ono ukapungua. Ukapungua tena. Mwalimu alifungua mlango wa nyuma na wa ubavuni, akanipa daftari moja la wanafunzi wake, akachukua jingine, tukaanza kupepea. Jasho lilitutoka zaidi kuliko hewa iliyowafikia. Wanawake waliokuwa wakiuza parachichi kando ya njia walisogea kutazama, mmoja akavua kitambaa chake cha begani na kuanza kupepea naye sanduku la mwisho bila kusema neno, mtoto wake mgongoni akicheka.

Vijana wa baiskeli ndio waliotutoa. Walikuwa wameshapima nafasi kati ya tela na ukuta wa mlima, wakaahidi kuwa HiAce inaenea. Mwalimu akashuka, akapima kwa hatua, akarudi, akapima tena. Mtu wa hisabati. Kisha akakunja vioo vya pembeni na kuingia, vijana wanne wakiongoza, wawili mbele, wawili nyuma, wakipiga bodi kwa kofi kila tulipokaribia kugusa. Tulikwaruza kidogo upande wangu. Aliwalipa hapo hapo, na kwenye daftari akaandika: njia. Si hongo wala ushuru. Ni safu ambayo huwa nayo katika kila safari, kama ya dakika za bariyeri za askari, ambapo karti rozi, yaani kadi ya gari, bima na karatasi ya ukaguzi wa gari hutolewa, husomwa, hurudishwa.

Bugarama tulifika jua likielekea kuzama, na ndipo tatizo likageuka. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi usawa wa mapaa. Watu wamevaa makoti mazito, moshi wa mishikaki ya mbuzi unatambaa chini kwa chini. Kipimajoto kilisoma 16. Vifaranga walilia kwa sauti ambayo hata wapita njia waligeuka. Tulifunga kila kitu, tukaziba matundu ya upande wa upepo kwa vipande vya godoro, Mwalimu akawasha hita ya gari ambayo, alisema, huko chini ziwani watu humuuliza kwa nini hakuiuza. Ilikula mafuta. Hakusita.

Pamoja na haraka yote hiyo alisimama dakika mbili kwa mama mmoja wa mboga.

"Mama, amahoro. Kesho asubuhi, kama kawaida?"

"Amahoro, Mwalimu. Liki ziko, karoti ziko. Kabichi zimenyeshewa, sitakudanganya."

"Acha kabichi. Niwekee za hoteli mbili."

Akamtumia arubuni kwa Lumicash hapo hapo dirishani, tukaondoka. Sikuzingatia wakati ule. Kesho yake niliona kwamba dakika mbili zile zilikuwa na faida kuliko saa zote za vifaranga.

Gitega tuliingia usiku. Tangu 2019 ndiyo makao makuu ya kisiasa, lakini uwanja wa ndege mkubwa na bandari vimebaki Bujumbura, kwa hiyo mlima ule hauna mapumziko: karatasi, vifaa, mashine na watu wa serikali vinapanda na kushuka kila siku. Wafugaji walikuwa wamewasha taa za joto bandani tangu jioni. Mwenyekiti wao, bibi mfupi mwenye miwani, alihesabu kila sanduku mwenyewe, akichota vifaranga wanne wanne kwa mikono miwili. Waliokufa walikuwa wachache, ndani ya ile nyongeza ya wawili kwa kila mia ambayo waangua vifaranga huweka kwa ajili hiyo. Alitazama saa, akatazama sahihi kwenye daftari, akalipa yote. Tulikuwa tumebakiza dakika ishirini na tano.

Nililala kwenye godoro lile la sponji ndani ya gari. Lilinuka vifaranga.

Asubuhi tulishuka na mboga. Na hesabu, ile aliyoitaka shemeji, niliipata nje ya jiko la hoteli ya pili, Mwalimu ameegemea mlango wa gari na kalamu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita mia mbili. Kwa mlima, mzigo, hita na kusimama, gari lilikunywa lita 28 hivi. Kwa bei rasmi ilikuwa faranga 112,000. Kwa magendo ya mara nne, 448,000. Akatoa hiyo ya pili. Akatoa njia. Akatoa fungu la matairi, ambalo haligusi hata nyumbani wakilala na njaa, kwa sababu tairi nalo ni la dola. Kilichobaki akakigawa kwa mbili, nusu ya dada. Malipo ya vifaranga peke yake yalikuwa yameishia hapo karibu sifuri. Faida yote ilikuwa liki na karoti: mzigo wa kurudia, wa wapishi wanaoutaka kabla ya saa nne, kutoka kwa mama aliyepewa arubuni jana yake. Kidogo kuliko nilivyofikiri, kingi kuliko anachopata kwa wiki ya vipindi.

Nilimuuliza itakuwaje mafuta yakijaa vituoni na dola ikapatikana. Na reli ile ya kutoka Uvinza hadi Musongati, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa Agosti 2025?

"Treni haibebi keki," akasema. Halafu akafikiri. "Mafuta yakijaa, watakuwa wengi, bei itaanguka. Nitarudi kwenye masomo ya ziada jioni. Nitafurahi. Kweli. Foleni za usiku zimenizeesha."

Nilimwamini nusu. Ametengeneza kitu kizuri juu ya shida ya watu wengine na yake mwenyewe, na mtu hakiachi kirahisi kitu alichokitengeneza. Kwa shemeji niliandika kwamba asianze na gari kwa kuwa analo. Aanze na mboga, yaani amtafute kwanza yule atakayemjazia gari wakati wa kurudi, Kasulu au Manyovu au popote, na Kigoma ambako petroli inapatikana asitegemee bei za Mwalimu.

Jioni tulikaa ufukweni kungoja mukeke wa kukaanga. Simu ya Mwalimu ikaita. Mtu wa mjini alikuwa na kompresa ya chumba cha barafu, ilitakiwa Rumonge usiku huo, samaki wanaharibika.

"Uzito?" Mwalimu akauliza. "Anayepokea ni nani? Na kurudi kwangu?"

Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, nami nikaisikia: atapata mzigo huko huko, mawese yamejaa.

"Mawese hayana haraka, shefu. Yanapanda lori."

Wakavutana. Kesho ana vipindi viwili vya asubuhi, usiku wa manane barabara ya Rumonge haendi kwa bei yoyote, akitoka darasani saa sita yuko tayari, na nusu ya kurudi analipa mwenye kompresa. Simu ikakatwa. Mwalimu akaiweka mezani kifudifudi, akavuta sahani ya ndizi.

Ilipoita tena, mteja alikuwa amekubali saa sita, nusu ya kurudi, na dumu la lita ishirini juu yake. Mwalimu alifungua daftari, akaandika yote, kisha akauliza dumu liko wapi sasa hivi. Liko nyumbani, akajibiwa, litakuja pamoja na kompresa.

"Hapana," akasema. "Litumwe leo. Nikiliona dumu ndipo nitaamini kuna kompresa."